Mashine, Maagizo, na Mtu Ashikaye Usukani

Wahenga walisema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Neno hili lilinenwa juu ya watu washindaniao usukani mmoja. Lakini katika miaka mia mbili na zaidi iliyopita limepata maana nyingine ambayo wahenga hawakuifikiri, maana siku hizi nahodha mmoja aweza kuwa mtu, na wa pili akawa mashine. Ndege za abiria, kwa sehemu kubwa ya safari, huongozwa na mashine huku rubani akiangalia. Katika viwanda mikono ya chuma hufanya kazi kwa maagizo yaliyopangwa zamani na mtu ambaye sasa hayupo. Hata katika hospitali, mashine hupima na kutoa dawa mganga akiwa chumba kingine. Basi yafaa tujue mambo haya yalianzaje, na ni mafunzo gani yaliyopatikana njiani, maana mengine yalinunuliwa kwa roho za watu.

Katika kila kazi ya namna hii wapo washirika watatu. Wa kwanza ni mwili wa mashine, yaani chuma, magurudumu na waya zake. Wa pili ni maagizo, ambayo leo huitwa programu, nayo ni maneno yaliyowekwa tayari kuiambia mashine, "Likitokea hili, fanya lile." Wa tatu ni mtu aisimamiaye. Wengi hudhani kwamba kadiri maagizo yanavyozidi ustadi, ndivyo kazi ya mtu inavyopungua mpaka iishe kabisa. Historia yashuhudia vingine. Kazi ya mtu haikuisha, bali iligeuka. Na pale waundaji waliposahau kumjulisha mtu kazi yake mpya, msiba ulifuata.

Tuanze Uingereza, katika karne ya kumi na nane. Mashine ya mvuke ilikuwa imekwisha kuanza kuzungusha magurudumu ya viwanda, lakini ilikuwa na kilema kimoja. Kazi ikiwa nzito, mashine ililegea. Kazi ikipungua, ilikwenda mbio mno, hata nyuzi zikakatika na unga ukaharibika katika mawe ya kusagia. Ili kuituliza ilimpasa mtu asimame karibu na vali, yaani kilango kidogo kipitishacho mvuke, akikifungua na kukifunga kwa mkono.

Mwaka wa 1788 James Watt na mwenzake Matthew Boulton walitia katika mashine yao chombo ambacho mafundi wa vinu vya upepo walikuwa wakikitumia kwa kazi nyingine. Ni mipira miwili ya chuma iliyoning'inizwa kwa vijiti, huku na huku, katika mti uliosimama na kuzunguka. Mwendo ukizidi, mipira hutupwa nje na kupanda, kama vile nguo ya mcheza ngoma inavyofunguka anapozunguka. Ikipanda, huvuta mkono ufungao vali. Mvuke hupungua, na mwendo hupoa. Mwendo ukilegea, mipira hushuka, na vali hufunguka. Hivyo mashine ilijipima yenyewe, na kujirudi yenyewe, pasipo kuambiwa na mtu.

Lakini mafundi waliona jambo la kuwashangaza. Mara nyingine mashine yenye chombo hiki haikutulia, bali iliyumba, mara mbio, mara pole, tena mbio kupita kwanza. Mwaka wa 1868 mtaalamu James Clerk Maxwell alieleza sababu yake kwa hesabu. Ni kama mtu ajifunzaye kupanda baiskeli: akiona anaelekea kulia, huukata usukani kushoto kwa nguvu, kisha, kwa kuogopa, huukata kulia zaidi, na mwisho wake ni shimoni. Marekebisho yajayo kwa kuchelewa au kwa nguvu kupita kiasi huwa ni madhara yenyewe. Msomaji alishike neno hili, maana tutakutana nalo tena mbele.

Mashine ya Watt ilijua jambo moja tu, nalo ni mwendo. Haikuweza kufundishwa orodha ya maneno. Ustadi huo ulitoka Ufaransa, katika mji wa Lyon, kwa wafumaji wa hariri. Kufuma nguo yenye maua ni kazi ya taabu. Nyuzi za mtande ni nyingi mno, na kila mara mshindio unapopita, hapana budi nyuzi fulani ziinuliwe na nyingine zibaki chini. Zamani msaidizi, mara nyingi mtoto, alikaa penye kitanda cha kufumia, akivuta kamba za kuinua nyuzi hizo kwa zamu yake. Akikosea kamba moja, ua liliharibika.

Joseph-Marie Jacquard, mwenyeji wa Lyon, alizikusanya hila za mafundi waliomtangulia, na mwaka wa 1804 akatengeneza mtambo wa kusoma kadi nene zenye matundu, zilizounganishwa kama mkanda mrefu. Kila kadi ilikuwa kwa mpito mmoja wa mshindio. Penye tundu, sindano ilipita na uzi wake ukainuka. Pasipo tundu, sindano ilisukumwa nyuma na uzi wake ukabaki chini. Ukitaka ua jingine, huna haja ya kubadili mtambo. Wabadili kadi tu. Hapo ndipo maagizo yalipotengana na chuma, yakawa kitu cha kuandikwa, kuwekwa sandukuni, na kutumiwa tena.

Wafumaji wengi wa Lyon hawakuupokea mtambo huo kwa furaha, kwa kuwa waliogopa kukosa riziki. Na ni kweli kwamba kazi ya mvuta kamba iliondoka. Lakini kazi nyingine ilizaliwa, nayo ni ya kutoboa kadi. Ilihitaji uangalifu mkubwa kuliko ile ya kwanza. Mtoto akivuta kamba isiyo yake, aliharibu nguo moja. Mtoboaji akikosea tundu moja, kosa lake lilionekana katika kila nguo iliyofumwa kwa kadi hizo. Kosa la mkono hutokea na kupita; kosa la maagizo hurudi kila mara, wala halichoki.

Habari za kadi hizo zilifika kwa Mwingereza Charles Babbage, aliyekuwa akibuni mashine kubwa ya hesabu. Alikuwa na picha ya Jacquard iliyofumwa kwa hariri, kazi iliyohitaji kadi 24,000, naye akakusudia kuiagiza mashine yake kwa kadi za namna ileile. Hakuimaliza. Lakini mwaka wa 1843 bibi mmoja, Ada Lovelace, aliandika maelezo marefu juu yake, akionyesha kwamba mashine kama hiyo ingeweza kushughulika na mambo mengine zaidi ya tarakimu, hata kutunga muziki, iwapo kanuni zake zitaandikwa. Tena alionya kwamba mashine haianzishi neno lake yenyewe. Hufanya yale tu ambayo sisi twajua kuiagiza. Hatari ya mambo tutakayoyasimulia imo katika neno hilo, kwa maana mtu huagiza ayajuayo, na ulimwengu huleta asiyoyajua.

Sasa twende Japani. Mwaka wa 1867 alizaliwa huko Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala wa kijijini. Alipokuwa kijana aliona jinsi wanawake wa kwao walivyotaabika kwa kufuma, akatia nia kuwapunguzia mzigo. Mwaka wa 1891 alipata hati ya serikali kwa kitanda chake cha kwanza cha kufumia, kilichokuwa cha mti. Baadaye alitengeneza mitambo ya kwenda kwa nguvu ya mashine, na humo akatia jambo ambalo wengine hawakulithamini sana: uzi ukikatika, mtambo ulisimama wenyewe.

Mtambo usiojua kwamba uzi umekatika huendelea kufuma nguo mbovu kwa bidii ileile. Ndiyo sababu ilipasa mtu asimame mbele yake, akiukazia macho. Lakini mtambo ujuao kunyamaza huita mtu kwa kunyamaza kwake. Mtu mmoja aliweza kuangalia mitambo mingi, wala hakuwa mtumwa wa mmojawapo. Mtambo mkamilifu wa Toyoda ulitoka mwaka wa 1924, na mwaka wa 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, katika nchi iliyokuwa mwalimu wa dunia kwa kufuma, ililipa fedha ili ipate haki ya kuutengeneza. Katika jamaa hiyohiyo ndimo ilimotoka kampuni ya magari ya Toyota, ambayo magari yake yajulikana sana katika barabara zetu. Katika viwanda vyake wakaweka kamba juu ya mahali pa kazi. Mfanyakazi yeyote aonapo kasoro huivuta kuita msaada, na kasoro isipoondolewa upesi kazi husimama. Mashine ilipewa ruhusa ya kusimama, na mtu akapewa ruhusa ya kuisimamisha.

Wakati Toyoda akifanya kazi yake chini, wengine walijaribu angani. Watoto wote wajua mchezo wa pia: ikizunguka kwa kasi husimama wima, wala haitaki kuinama. Mmarekani Elmer Sperry alitumia tabia hiyo kutengeneza dira za meli, kisha pamoja na mwanawe Lawrence akaitia katika ndege. Pia ndogo za chuma zilizungushwa kwa kasi. Ndege ikiinama, pia zilikataa kuinama nayo, na ile tofauti baina yao ikavuta nyaya za usukani mpaka ndege ikarudi sawa.

Mwezi wa Juni mwaka wa 1914, karibu na Paris, juu ya mto Seine, Lawrence Sperry aliirusha ndege yake mbele ya waamuzi na watazamaji. Alisimama akiinua mikono yake juu ili wote waone kwamba haigusi usukani, na fundi mwenzake akatoka na kutembea juu ya bawa. Ndege ikaenda sawasawa. Watu walishangilia, naye akapewa tuzo. Lakini tukumbuke kwamba chombo hicho kilishika jambo moja, kukaa sawa, na rubani alikijua barua kwa barua, kwa kuwa alikiunda pamoja na baba yake. Je, itakuwaje siku ambayo aundaye ni mtu mmoja, na arushaye ni mwingine asiyeambiwa?

Kabla ya kujibu swali hilo, yafaa tuone mara moja ambapo washirika wote watatu walipatana vizuri. Tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong na Edwin Aldrin walishuka mwezini katika chombo chao. Kompyuta iliyowaongoza ilikuwa ndogo ya uwezo kuliko ile iliyomo katika simu ya mkononi ya leo. Sehemu ya maagizo yake ilikuwa imefumwa, nasi twasema neno hili kwa maana yake hasa: katika kiwanda kimoja cha Marekani wanawake walipitisha waya nyembamba katika vipete vidogo vya chuma. Waya ukipita ndani ya kipete, ilikuwa alama ya moja. Ukipita nje, alama ya sufuri. Watoto wa wafumaji wa Lyon, twaweza kusema, walikuwa wamefika mwezini.

Chombo kilipokuwa kinashuka, kompyuta ilitoa onyo lenye namba 1202. Wale wawili hawakujua maana yake, wakauliza duniani. Kompyuta ilikuwa imelemewa, kwa sababu chombo kimoja cha kupimia kilikuwa kikiijaza habari zisizohitajiwa wakati ule. Lakini wale walioandika maagizo, katika chuo cha MIT, waliwahi kufikiri: siku mashine itakapolemewa, itafanya nini? Wakaiagiza iziache kazi ndogo, izishike zile ambazo watu hawawezi kuishi bila hizo, na imwambie mtu kwamba imefanya hivyo. Huko Houston nako, siku chache kabla ya safari, wasimamizi walikuwa wamejaribiwa kwa onyo kama hilo katika mazoezi, wakakosea; ndipo wakaandika orodha ya maonyo yote na maana yake. Kijana mmoja alikuwa na orodha hiyo mbele yake, akajibu kwamba safari iendelee.

Kisha Armstrong akatazama dirishani, akaona kwamba mashine yawapeleka mahali penye mawe makubwa. Akachukua usukani, akapita juu ya mawe, akatafuta mahali pazuri. Hata hapo hakuifukuza kompyuta; yeye alichagua njia, nayo ikaendelea kutawala nguvu ya moto wa chombo. Walitua salama. Haikuwa kazi ya mtu peke yake, wala ya mashine peke yake. Kila mmoja alijua mwenzake afanya nini.

Sasa tuangalie upande wa pili. Katika miaka ya 1980 kampuni moja ya Kanada iliuza mashine iitwayo Therac-25, ya kutibu saratani kwa mionzi. Ilikuwa na njia mbili. Kwa njia moja ilitoa mionzi ya nguvu ndogo moja kwa moja mwilini. Kwa nyingine ilitoa nguvu kubwa sana, lakini mbele yake iliwekwa kipande cha chuma cha kuigeuza na kuipunguza. Katika mashine iliyotangulia, Therac-20, vilikuwapo vizuizi vya chuma na umeme: vitu visipokaa mahali pake, mashine ilikataa kuwaka. Katika mashine mpya waundaji waliviondoa vingi vya vizuizi hivyo, wakayaamini maagizo ya kompyuta kuwa walinzi wa kutosha.

Kati ya mwaka wa 1985 na 1987 wagonjwa sita walipigwa na mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa kwa sababu hiyo. Wa kwanza waliposema kwamba wameungua, waliambiwa kuwa haiwezekani. Mashine yenyewe haikusema neno lililofahamika. Iliandika tu namba ya kasoro, ambayo kitabu chake hakikuieleza vya kutosha. Na kwa kuwa kasoro ndogo ziliandikwa mara kwa mara, waendeshaji walizoea kubonyeza kitufe na kuendelea. Mtu akiitwa kila siku bure, siku ya mbwa mwitu haji.

Ukweli ulipatikana mwaka wa 1986 katika mji wa Tyler, huko Texas. Baada ya msiba wa pili hapo, mwendeshaji na mtaalamu wa hospitali hawakukubali kuambiwa kwamba haiwezekani. Wakakaa mbele ya mashine wakajaribu tena na tena, mpaka wakaona kwamba kosa hutokea mwendeshaji anaposahihisha maandishi yake upesi sana. Mkono uliozoea kazi ulikuwa mwepesi kuliko waundaji walivyodhani. Ajabu ni kwamba kosa kama hilo lilikuwamo hata katika maagizo ya Therac-20. Lakini huko halikumdhuru mtu, kwa kuwa kizuizi cha chuma kilikuwa kikilizuia kimya kimya. Walipoondoa chuma, waliondoa mlinzi ambaye hawakujua kuwa alikuwa akifanya kazi.

Sasa twafika kwenye habari iliyoleta msiba mpaka katika nyumba za jirani zetu. Kampuni ya Boeing ya Marekani ilitengeneza ndege iitwayo 737 MAX, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Mashine zake zilikuwa kubwa kuliko za zamani, tena zilisogezwa mbele na juu, na kwa hiyo katika hali fulani pua ya ndege ilielekea kuinuka kupita kiasi. Ili kuirudisha, walitia programu iitwayo MCAS. Chombo kidogo kilicho nje, ubavuni karibu na pua, hupima pembe ya upepo unaopiga ndege. Pembe ikizidi, MCAS huzungusha bawa dogo la mkia, na pua hushuka.

Ndege ilikuwa na vipimo viwili vya namna hiyo, kimoja kila ubavu, lakini MCAS ilisikiliza kimoja tu kwa safari. Shahidi akiwa mmoja, naye akasema uongo, nani atamkanusha? Tena kila rubani alipoirudisha pua juu, baada ya sekunde chache MCAS ilisoma pembe ileile ya uongo na kuishusha tena. Hapa msomaji akumbuke mwanafunzi wa baiskeli. Na jambo la tatu ni kubwa kuliko yote: marubani hawakuambiwa. Katika vitabu walivyopewa, MCAS haikuelezwa.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air iliondoka Jakarta, Indonesia, ikiwa na watu 189. Kipimo chake cha upande mmoja kilikuwa kikisema uongo. Siku moja kabla, ndege hiyohiyo ilikuwa imepatwa na shida ileile, na marubani wa siku ile walifika salama kwa kukata umeme wa bawa la mkia. Pamoja nao chumbani alikuwamo rubani wa tatu, aliyekuwa akisafiri tu. Marubani wa siku ya pili hawakuwa na msaada huo. Rubani mkuu aliirudisha pua juu zaidi ya mara 20, asijue anapigana na nani. Hata mwisho ndege ikaanguka baharini, na wote wakafa.

Baada ya hapo marubani waliandikiwa kwamba chombo hicho kipo, na namna ya kukikata, lakini ndege ziliendelea kuruka. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Mara kipimo kimoja kikasema uongo. Marubani walikata umeme wa bawa la mkia kama walivyoagizwa. Lakini ndege ilikuwa na kasi kubwa, na gurudumu la kuzungusha bawa hilo kwa mkono likawa zito kupita nguvu zao. Umeme uliporudishwa, MCAS ilisukuma tena. Dakika 6 tu baada ya kuruka, ndege iliingia ardhini karibu na Bishoftu. Watu 157 walikufa, wa mataifa zaidi ya 30, na walio wengi kuliko taifa lolote walikuwa Wakenya, 32. Huko Nairobi jamaa zao walikuwa wakiwangoja uwanjani.

Jumla ya waliokufa katika ajali hizo mbili ni 346. Palikuwapo na watu waliotaka kuwalaumu marubani, wakisema kwamba wenye ujuzi zaidi wangejiokoa. Neno hilo si la haki. Huwezi kumlaumu nahodha kwa kutoshinda mkono ulioshika usukani pamoja naye gizani, hali hukumwambia kwamba mkono huo upo. Nao marubani wa Addis Ababa, waliokuwa wameambiwa, walifuata agizo, na agizo halikuwatosha.

Katika siku chache ndege zote za namna hiyo zilisimamishwa duniani, na huko Marekani hazikuruhusiwa kuruka tena mpaka Novemba 2020, zilipokwisha kurekebishwa. Yatazame marekebisho yenyewe, nawe utaona kwamba si mageni katika historia hii. Sasa MCAS husikiliza vipimo vyote viwili, na visipopatana hunyamaza, kama mtambo wa Toyoda ulivyonyamaza uzi ukikatika. Husukuma mara moja tu, wala hairudii kama mwanafunzi wa baiskeli. Haina ruhusa ya kusukuma kupita nguvu ambayo rubani aweza kuishinda kwa kuvuta usukani. Na marubani hufundishwa habari zake katika mashine ya mazoezi, kama wale wa Houston walivyofundishwa. Mambo hayo yote manne yalikuwa yamejulikana zamani. Hayakukosekana kwa uhaba wa elimu, bali kwa kutaka kumaliza upesi na kupunguza gharama za kuwafundisha marubani upya.

Basi hatusemi kwamba mashine zenye kujiongoza ni mbaya. Vinu vya Watt vilitulia, wanawake wa Japani walipunguziwa mzigo, na ndege za leo, kwa msaada wa mashine hizo, ni salama sana kuliko za babu zetu. Asemaye tuzitupe zote ni kama asemaye tuivunje jahazi kwa kuwa mojawapo ilizama. Lakini mashine hizi zinazidi kutufikia, hospitalini, shambani, barabarani na katika kazi za fedha, nasi si watu wa kutazama tu. Mganga wa zahanati, dereva wa trekta, karani wa chama cha ushirika, kila mmoja atakabidhiwa siku moja kitu kinachojiamulia neno.

Siku hiyo na aulize maswali matatu kabla ya kuweka mkono wake. Kwanza: chombo hiki chajuaje kilijualo, na shahidi wake mmoja akikosea, yuko wa pili wa kumkanusha? Pili: kikishindwa au kikishuku, kitaniambia kwa maneno niyafahamuyo, au kitaendelea kufuma nguo mbovu? Tatu: nikitaka kukizuia, nitakizuia kwa nini, na nguvu zangu zitatosha? Anayeuza asipoweza kujibu, si aibu kwa mnunuzi kukataa. Na anayekitumia akiona jambo lisilofaa, asinyamaze hata akiambiwa na wakubwa kwamba haliwezekani. Wale wawili wa Tyler hawakunyamaza, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengine waliponywa na hatari wasiyoijua. Manahodha wawili waweza kukaa katika chombo kimoja, mmoja wa nyama na mmoja wa chuma, iwapo kila mmoja amwona mwenzake, na iwapo wajulikana nani mwenye neno la mwisho.